Bibi Shamba Anajibu: Fosforasi Ipo, Lakini Imeshikwa

Barua za safari hii zimetoka milimani Lushoto mpaka pwani ya Mkinga, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: mbolea ya kupandia nimeweka, mbona shamba halionyeshi? Jibu limelala kwenye fosforasi, chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea hiyo, na udongo unaoipokea, kwa hiyo barua nimeziweka pamoja, nikianzia mlimani. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mstaafu wa maabara ya udongo, sasa ninatunza michungwa na muhogo wangu hapa Muheza.

Shikamoo Bibi. Nalima mahindi na maharage kwenye mteremko, udongo mwekundu. Kila masika nanunua mfuko mmoja wa mbolea ya DAP kwa ekari, naimwaga shamba zima ndipo nalima. Mahindi yakifika magotini, majani ya chini yanageuka zambarau na mimea inadumaa. Jirani anasema nimeuziwa mbolea bandia. Ni kweli?
*Mkulima, Mlalo*

Marahaba mwanangu. Usiende kugombana na mwenye duka kwanza. Mbolea bandia zipo, sikatai, lakini hicho unachokiona kingetokea hata kwa DAP halisi, kwa jinsi unavyoitia. Nitakujibu kwa urefu, maana wenzako wengi wa huko juu wanafanya hivyo hivyo, na inaniuma kuona fedha ya maharage inazikwa ardhini.

Wekundu wa udongo wenu unatokana na chuma. Mvua za milimani, kwa muda mrefu kupita kumbukumbu ya mtu yeyote, zimeosha kalsiamu na magnesiamu zikabakiza chuma na aluminiamu. Udongo wa namna hiyo huwa na tindikali: pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unapanda, iko chini ya 5.5, na pengine chini ya 5. Hapo chuma na aluminiamu huikamata fosforasi mara tu inapoyeyuka. Fikiria hina. Ukiipaka sasa hivi na kunawa, inatoka. Ukiiacha ilale usiku kucha, huitoi tena mpaka kucha iote upya. Fosforasi nayo siku za mwanzo inakaa juu juu ya chembe za udongo, mizizi inaweza kuiwahi. Kadiri majuma yanavyopita inazama ndani ya ile kutu, na mahindi yako hayaifikii.

Maabara tunaliona jambo hili kwa macho. Unachukua udongo, unautia dawa ya kutoa ile fosforasi ambayo mmea unaweza kuipata, unachuja, kisha unatia molibdeti na vitamini C. Fosforasi ikiwapo, maji yanageuka bluu, na ikiwa nyingi bluu inakoza. Chupa za miteremko ya Usambara nilikuwa nazitambua kabla mashine haijasoma: bluu hafifu, nyingine karibu na maji matupu. Lakini udongo ule ule ukiuchemsha kwa tindikali kali ili upime fosforasi yote iliyomo, unaikuta. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa karibu tani 1,000. Kwa hiyo karatasi ya maabara ikikuandikia miligramu 5 kwa kilo, maana yake ni kilo 5 tu zinazofikika kwa ekari nzima, na huku jumla iliyofungwa humo mara nyingi ni mamia ya kilo. Shamba lako si tupu, mwanangu. Limefunga.

Sasa turudi kwenye kumwaga. Fosforasi haitembei. Urea ikipata mvua inashuka na maji, lakini punje ya DAP fosforasi yake inasogea milimita chache tu kwa msimu mzima. Mzizi ndio unaopaswa kuifuata. Ukiimwaga shamba zima halafu ukaipindua kwa jembe, umefanya mambo mawili mabaya kwa mkupuo mmoja: umeisogeza mbali na mche mchanga wenye mizizi mifupi, na umeikutanisha na udongo mwingi iwezekanavyo, yaani na chuma kingi iwezekanavyo. Itie shimoni. Kwa mahindi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari inachukua mashimo kama 9,000, na mfuko wa kilo 50 unakupa gramu tano na ushei kwa shimo, yaani kizibo kimoja cha soda. Chimba, tia kizibo chako, fukia kwa udongo wa kama sentimita tano, kisha weka mbegu. Mbegu isiguse mbolea, DAP inaunguza. Mfuko ni ule ule na fedha ni ile ile. Ndani yake mna kama kilo 10 za fosforasi yenyewe. Ile 46 iliyoandikwa katikati ya 18-46-0 kwenye mfuko, yaani asilimia 46, ni hesabu ya kiwandani ya fosforasi ikiwa imechanganyika na oksijeni, ukitaka fosforasi tupu zidisha kwa 0.44.

Hilo la mashimo utalifanya masika ijayo. La pili ni uchachu wenyewe. Chokaa ya kilimo ikiipandisha pH mpaka 5.5 au 6, aluminiamu inatulia na fosforasi inapumua. Usiitie kwa kukisia. Pima udongo kwanza, maana kiasi kinategemea udongo wako. Na kama kando ya mahindi una mchai, chokaa isiufikie kabisa: mchai unaupenda uchachu huo huo unaoyatesa maharage. Maharage nayataja kwa makusudi, kwani vinundu vya mizizi yake haviwezi kukamata naitrojeni ya hewani bila fosforasi. Yang'oe machache yanapochanua. Ukikuta vinundu vidogo, vichache, na ndani havina wekundu, umepata ushahidi mwingine.

La tatu ni mteremko. Fosforasi haipai hewani, na kwenye udongo mzito kama wenu haizami chini na maji. Inaondoka shambani kwa njia mbili: kwenye gunia la mavuno, na kwenye maji mekundu yanayoteremka wakati wa mvua. Gunia la mahindi la kilo 100 linaondoka na gramu 300 hivi. Yale maji huwezi kuyapimia hivyo, lakini yanaanza kuchukua chembe ndogo kabisa za udongo wa juu, na hizo ndizo zilizobeba fosforasi nyingi. Najua makingamaji yana historia chungu huko kwenu. Miaka ya 1940 na 1950 wazee wa Mlalo walilazimishwa na serikali ya Mwingereza kulima matuta wasiyoyataka, na kinyongo kilibaki. Baadaye, mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP ulioanza 1981 ulikuja na mistari ya majani ya guatemala kwenye kontua, yaani kuukata mteremko kwa usawa, ambayo yanazuia udongo na ng'ombe anakula. Hiyo panda, hata kama ni mstari mmoja kila mwaka. Mteremko ulio wazi utakula kila mfuko utakaoununua.

Neno moja la tahadhari. Huko juu kuna baridi, na baridi nayo inaleta zambarau kwenye mahindi machanga, kwa sababu mizizi inalegea. Yakipata jua la siku kadhaa yakarudi kijani bila kudumaa, ilikuwa baridi. Yakibaki mafupi na kuchelewa kutoa mbelewele, ni fosforasi.

Bibi, mimi na kaka yangu tuna mashamba mawili ya baba yetu. Yeye analima mpunga bondeni, hajawahi kutia mbolea ya kupandia na anavuna. Mimi niko juu kidogo, mahindi, na bila mbolea sipati kitu. Udongo wa chini si ndio huu huu ulioporomoka kutoka kwangu?
*Msomaji, Korogwe*

Ndio huo huo, na umeuliza vizuri sana. Kwanza, kaka yako anapokea kila masika kile ulichopoteza wewe. Pili, maji yanapotuama kwenye majaruba, hewa inakwisha ndani ya udongo, na chuma kinabadilika hali. Kile chuma chekundu kilichokuwa kimeishika fosforasi kinayeyuka, na kinapoyeyuka kinaiachia. Ndiyo maana udongo wa jaruba unageuka kijivu, na ndiyo maana mpunga wa maji unakula fosforasi ambayo mahindi yasingeigusa. Maji yakikauka na hewa kurudi, chuma kinairudia kazi yake. Kwa hiyo asije akadhani kwamba mahindi au mboga atakazopanda humo baada ya mpunga zitapata kama mpunga ulivyopata. Wengi wanashangaa hapo. Na yeye naye anavuna magunia kila mwaka bila kurudisha, kwa hiyo mashina na majani ya mpunga asiyachome, ayaache shambani.

Shikamoo. Nina shamba karibu na bahari, upande wa Mkinga, udongo wa kijivu wenye vipande vya matumbawe. Rafiki yangu wa Lushoto alinisifia mbolea ya Minjingu, ile ya unga, akasema mahindi yake yamesimama. Nikatafuta, nikatia, sikuona tofauti hata kidogo. Mbona kwake imekubali kwangu imekataa?
*Mwalimu mkulima, Mkinga*

Marahaba mwalimu. Rafiki yako hakukudanganya, na mbolea haina kosa. Udongo wako na wake ni vitu viwili mbalimbali kabisa, ingawa vyote viko mkoa mmoja.

Minjingu inachimbwa karibu na Ziwa Manyara. Hapo zamani palikuwa na ziwa kubwa zaidi, na ndege wa majini walikusanyika kwenye kilima kilichokuwa kisiwa. Vinyesi na mifupa yao vikalundikana mpaka vikawa mwamba. Fosforasi ya mwamba huo imefungwa na kalsiamu. Ili ifunguke inahitaji tindikali, na tindikali hiyo iko bure kwenye udongo mwekundu wa Lushoto. Uchachu unaowaumiza wenzetu wa mlimani ndio unaoyeyusha Minjingu, na kalsiamu inayotoka humo inawasaidia pia. Kwako kuna matumbawe. Matumbawe ni chokaa. pH ya udongo wa namna hiyo hufika 8, na kalsiamu imejaa tele. Ule unga umekaa tu ndani ya udongo wako jinsi ulivyotoka mgodini.

Ubaya ni kwamba chokaa hiyo inaikamata hata fosforasi ya mbolea iliyoyeyuka tayari. Mlimani mkamataji ni chuma na aluminiamu, ufukweni ni kalsiamu, na pumziko lipo katikati, pH kati ya 6 na 7. Huwezi kuishusha pH ya shamba la matumbawe, jiwe lenyewe liko chini ya jembe lako, kwa hiyo usinunue chochote unachoahidiwa kuwa kitafanya hivyo. Fanya kazi na udongo ulio nao. Tumia mbolea inayoyeyuka, TSP au DAP, kidogo kidogo na karibu na mbegu, kila msimu, badala ya kutia nyingi mara moja ukitegemea ibaki. DAP kwenye udongo wa chokaa inatoa amonia kali, kwa hiyo nafasi kati yake na mbegu iwe kubwa kuliko ile niliyomwambia wa Mlalo. Kukuzia, chagua SA (salfeti ya amonia) badala ya urea, maana SA inaleta uchachu kidogo pale penye mzizi, na kwako uchachu huo ni faida.

Kisha samadi. Pwani ninyi mna mbuzi na kuku, na vinyesi vya kuku vina fosforasi nyingi kuliko vya ng'ombe. Samadi inapooza inatoa tindikali laini zinazoitenganisha fosforasi na kalsiamu, na fosforasi iliyo ndani ya mboji inatoka polepole, haikamatwi yote kwa siku moja. Kama ningekuwa na shamba lako ningejenga banda la kuku kabla ya kununua mfuko wa pili.

Ukienda kupima, waambie mapema kwamba udongo wako una chokaa ili watumie kipimo cha Olsen. Kile cha Bray kimetengenezwa kwa ajili ya udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wako chokaa inaimaliza nguvu ile dawa, na utaandikiwa namba ya chini isiyo ya kweli.

Bibi Shamba, tumekodi ekari nne zilizokuwa mkonge tangu wakati wa wazungu. Tumepima kabla ya kulima kama unavyotuhimiza. Karatasi inasema pH 4.8, fosforasi (Bray) 4, kaboni ogani 1.1. Tufanye nini, na je, mkonge ndio uliouharibu udongo?
*Kikundi cha vijana, Muheza*

Mmenifurahisha sana wanangu. Mmepima kabla ya kulima!

Namba zenu ndizo hizi. Fosforasi ya Bray chini ya 7 ni ndogo, 7 mpaka 20 ni ya wastani, zaidi ya 20 ni ya kutosha. Ninyi mko 4. pH 4.8 ni uchachu mkali, na hapo aluminiamu inaichoma hata mizizi, ikawa mifupi na minene, isiyoweza kuifuata fosforasi popote. Kaboni 1.1 inasema kwamba mboji imepungua. Namba hizi tatu zinashikana. Ukiirekebisha moja peke yake nyingine zinakurudisha nyuma.

Kuhusu mkonge, tuseme haki. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani, na kutoka hapo ukaijenga Tanga tunayoijua, reli, bandari na watu waliokuja kutoka kila upande. Haukuuharibu udongo kwa sumu. Ulichukua bila kurudishiwa. Jani la mkonge linabeba kalsiamu na potasiamu nyingi mno, na fosforasi kiasi; likikatwa linakwenda korona, kiwanda cha kutenganisha nyuzi, nyuzi zinauzwa, na mabaki yote yaliyobaki, ambayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya jani, yalikuwa yakitupwa mitoni badala ya kurudi shambani. Fanya hivyo miaka mingi bila mbolea na kalsiamu inakwisha, uchachu unapanda, na hata ile fosforasi iliyobaki inafungwa. Zao lolote lingefanya hivyo. Mahindi yenu nayo yatafanya, msipoangalia.

Shamba hilo ndilo shamba la Minjingu hasa. Ule unga wenyewe una fosforasi kama asilimia 13. Tofauti na DAP, huu umwageni shamba zima na kuuchanganya na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, maana unahitaji kuguswa na uchachu kila upande ili uyeyuke. Angalieni kuwa huku ni kinyume cha nilichomwambia yule wa Mlalo, na sababu ni hiyo: mbolea inayoyeyuka upesi unaificha isiguse udongo mwingi, mbolea ya mwamba unaisambaza ili iguswe. Kwa mahindi ongezeni kidogo cha TSP au DAP shimoni msimu wa kwanza, kwa sababu mche mchanga hauna subira ya kungoja mwamba uyeyuke. Chokaa msiitie siku moja na Minjingu. Ikiupunguza uchachu mapema, mwamba hautafunguka vizuri. Anzeni na Minjingu, pimeni tena baada ya misimu miwili, ndipo muamue chokaa kiasi gani.

Kuhusu hiyo kaboni, msiondoe mabua, msichome majani. Na kwa kuwa mmekodi, kaeni na mwenye shamba mwandikiane miaka. Fosforasi mtakayoweka mwaka huu haiishi mwaka huu, mazao yanaendelea kuila misimu inayofuata, na nimeona vijana wanatengeneza ardhi kwa jasho halafu wananyang'anywa imeshaanza kuzaa. Hilo halimo kwenye karatasi ya maabara lakini nalisema kwa uzito ule ule.

Mimi nalima kabichi, nyanya na pilipili hoho bondeni, mara tatu kwa mwaka, na kila mara natia samadi ya kutosha na DAP. Zamani ilikuwa inakubali. Siku hizi nikibadilisha nikapanda mahindi, majani yanatoka na michirizi myeupe. Niongeze DAP?
*Mkulima wa mbogamboga, Soni*

Hapana, kaka yangu. Acha DAP kabisa kwa sasa.

Mashamba ya mboga yanayotiwa samadi na DAP mfululizo ndiyo mahali pekee mlimani ambapo bluu inakoza. Mboga zinachukua fosforasi kidogo kuliko unayoitia, na kila msimu unaacha salio. Ule udongo unaoshika nao una mwisho: nafasi kwenye chembe zikijaa, fosforasi inabaki huru. Ikizidi sana inamzuia mmea kuchukua zinki, na michirizi myeupe pande mbili za mshipa wa katikati, kwenye majani machanga ya mahindi, ndiyo alama ya zinki. Pima. Namba ya Bray ikiwa juu sana ya 20, una akiba ya misimu kadhaa, na fedha ya DAP ipeleke kwenye naitrojeni tu na zinki kidogo ya kunyunyizia majani.

Kuna na mto. Bonde lako liko kando ya maji, na salio hilo likiteremka mtoni linaotesha mwani, maji yanakuwa kijani na samaki wanakosa hewa. Watu wa chini wanachota hapo. Acha ukanda wa majani kati ya tuta la mwisho na mto, usiutie mbolea, usiulime.

Bibi, sisi tunafyeka, tunachoma, tunapanda. Mwaka wa kwanza mahindi yanakuwa mazuri mno, wa tatu hakuna kitu. Afisa ugani anatukataza kuchoma lakini wazee wanasema moto ndio mbolea.
*Mama wa watoto wanne, Handeni*

Wazee wameona sawasawa, mama. Moto unaifungua fosforasi iliyokuwa kwenye majani na miti na kuiweka chini kama majivu, na majivu yanapunguza uchachu. Ndiyo ile neema ya mwaka wa kwanza. Lakini majivu ni mepesi, upepo na mvua ya kwanza vinayabeba, na kila mwaka moto unakula mboji ambayo ingeitunza fosforasi na kuiachia taratibu. Zamani walichoma mara moja kisha wakaliacha pori liote tena miaka mingi, mizizi ya miti ikavuta fosforasi kutoka chini na kuimwaga juu kwa majani. Ardhi ya kuacha hivyo sasa hampati, na moto wa kila mwaka bila mapumziko unamaliza.

Badala ya mapumziko hayo, panda mbaazi kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake inatoa tindikali inayoifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma, kazi ambayo mahindi hayawezi. Majani yake yakidondoka na kuoza, mahindi ya msimu unaofuata yanafaidi. Uvune mbaazi, miti yake upikie, lakini majani yabaki shambani. Huko kwenu mbaazi mnazijua tayari na soko lake mnalijua, kwa hiyo si jambo geni ninalowaletea.

Naomba kujua: majivu ya jikoni, mifupa, na tughutu, kipi kina fosforasi zaidi? Mbolea ya dukani siwezi.
*Bibi mwenzako, Bumbuli*

Mwenzangu, mifupa. Fosforasi ya mnyama sehemu kubwa sana imo kwenye mifupa. Ichome mpaka iwe myeupe na ivunjike mkononi, iponde, ichanganye na udongo. Kwenye uchachu wa Bumbuli itayeyuka kama Minjingu. Majivu yana fosforasi kidogo tu, faida yake kubwa ni potasiamu na kupunguza uchachu. Tia kwenye maharage, si kwenye mchai.

Tughutu Wasambaa tunaitambua kama dawa ya jeraha na mti wa mipaka, lakini majani yake ni mbolea nzuri, yanaoza upesi. Peke yake haileti fosforasi mpya, inarudisha ile iliyokuwa shambani, ila yanapooza majani yanazuia kidogo ukamataji wa chuma. Watafiti wa udongo waliijaribu huko Lushoto pamoja na unga wa Minjingu, na ilionekana kwamba zinasaidiana. Wewe weka mifupa yako na tughutu shimo moja, siku ile ile. Alizeti pori, yale maua ya njano ya kando ya barabara, yanafaa vivyo hivyo.

Tunachukuaje udongo wa kupima, na tunaupeleka wapi?
*Wengi*

Tembea shambani kwa zigizaga, chukua sehemu 15 hadi 20, kila mara kina cha sentimita 20, ukwepe kichuguu, njia, chini ya mti, mahali palipokuwa zizi na mahali palipochomwa. Changanya kwenye ndoo safi, isiwe iliyobeba mbolea, wala usitumie mfuko wa mbolea kufungia; punje moja iliyobaki inaharibu namba yote. Mteremko na bonde usivichanganye, chukua kila kimoja peke yake. Anika kivulini, bakiza nusu kilo, andika kijiji, zao lililopita na mbolea uliyotia. Kwa sisi wa Tanga, Mlingano hapa Muheza, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), ndipo penye utafiti wa udongo wa nchi nzima. Nenda Januari au mwanzoni mwa Februari, majibu yatoke kabla ya masika. Kwa wanaotegemea vuli, Agosti.